Mnunuzi Ni Nani?

Mkutano Mkuu wa dharura wa jumuiya yetu umeahirishwa kwa kukosa akidi. Katibu alisoma orodha ya majina, akasubiri, akairudia, kisha mwenyekiti akafunga daftari. Waliofika ni walewale wanaofika kwenye kila jambo. Wa Mwanza walituma salamu, wa Dar es Salaam walituma udhuru, na walioko Uingereza na Marekani, ambao ndio hasa nyumba zao zinanyemelewa, hawakutuma hata neno. Wiki hiyohiyo simu zikaanza: je, ni kweli ule mji wa marehemu mzee wetu pale Nkoma umeuzwa? Ni kweli. Na waliouza ni wanajumuiya wenzetu.

Hatutaji majina. Familia hiyo ina msiba na ina deni la hospitali, tena ni wao wenyewe waliotuletea mkataba kwa hiari yao ili wengine wausome kabla ya kuingia mahali walipoingia. Kwa hilo tunawashukuru: wabeja sana. Yaliyomo kwenye karatasi hizo ndiyo yametufanya tuweke kando tahariri tuliyokuwa tumeiandaa.

Dalali alipiga simu siku chache tu baada ya mazishi. Alikuwa anajua yote: mtoto mkubwa ni nani, nani yuko nje, wanadaiwa kiasi gani. Akasema kuna watu kutoka mjini wananunua nyumba kama ilivyo, pesa taslimu, ndani ya siku saba, bila habari za benki wala mthamini. Bei iliyotajwa kwenye simu iliridhisha. Kianzio kikaingia jioni ileile, kikapelekwa hospitali. Siku ya kutia sahihi ndipo mnunuzi alipouona ufa ukutani, bati lenye kutu na jirani anayelalamikia mpaka, na bei ikashuka kwa theluthi nzima. Kukataa haikuwezekana. Kianzio kilishatumika, na mkataba unataka kirudishwe pamoja na fidia.

Tumesikia wanaosema ni bahati mbaya ya familia moja. Hapana, huu ni utaratibu wa biashara na unajulikana duniani. Mwaka 2013 Office of Fair Trading, iliyokuwa mamlaka ya kulinda ushindani wa haki na wateja Uingereza, ilichunguza makampuni ya kununua nyumba kwa haraka ikaeleza haya haya: bei kushushwa dakika za mwisho muuzaji akiwa ameshafunga mizigo, ada zisizowekwa wazi, tathmini za kupotosha, mikataba ya kumfunga mtu asiweze kuuza kwingine. Marekani, mwaka 2023, waandishi wa ProPublica waliandika juu ya HomeVestors, wale wenye matangazo ya "We Buy Ugly Houses", na namna baadhi ya mawakala wake walivyowaandama wazee, wagonjwa na wenye dhiki. Kampuni nyingine ya huko, MV Realty, iliwapa watu dola mia chache, nao wakajikuta wamefungwa na mkataba wa miaka 40; wanasheria wakuu wa Florida, Pennsylvania na Massachusetts wameifikisha mahakamani. Ndugu zetu mlioko huko mnayaona matangazo hayo kwenye nguzo za umeme kila siku na hamdanganyiki nayo. Kwa nini dalali wa aina hiyohiyo akipiga simu kwa Kisukuma mnamwamini?

Nkoma si mahali pa kusahaulika tena. Tangu Mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012, na Itilima yetu ikawa wilaya inayojitegemea kutoka Bariadi, makao yake Lagangabilili, ardhi ya kwetu imepata wateja ambao wazazi wetu hawakuwahi kuwaona. Maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yaliyofanyika Nyakabindi kuanzia 2018 hadi 2020 yaliwaleta wageni wengi Bariadi, na baadhi yao walirudi kuulizia viwanja. Mnunuzi wa haraka anaijua pia kalenda yetu. Msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei, kwa hiyo kuanzia Januari mpaka Aprili nyumba nyingi hazina shilingi, ada za shule zinadaiwa, na akiba ya chakula inapungua. Ndipo anapokuja. Wenzetu wa Mtwara na Lindi walimjua mtu huyu kwenye korosho, wakaiita biashara yake kangomba: anakukuta una njaa, anakununulia mali yako kabla ya wakati, kwa kipimo chake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye lile linalotukosesha usingizi, na tunawaomba msiruke mistari.

Katika mkataba tulioonyeshwa, sehemu ya jina la mnunuzi ina nukta tupu. Bei imejazwa. Sahihi za wauzaji zipo, dole gumba la mama lipo, mashahidi wapo, muhuri wa mwenyekiti upo. Jina la mnunuzi halipo. Maana yake ni kwamba aliyekuja na begi la pesa hakuja kununua. Amekuja kuchukua haki ya kuuza, aende akatafute mnunuzi mwenyewe kwa bei yake, kisha jina la huyo lijazwe kwenye zile nukta kana kwamba familia ilikutana naye. Akimpata, tofauti yote ni yake. Asipompata, anapotea, na nyumba inabaki imefungwa na karatasi ambayo lolote linaweza kuandikwa juu yake.

Na kuna karatasi ya pili, mbaya zaidi. Ni hati ya uwakilishi iliyotiwa sahihi nje ya nchi na mtoto mkubwa, ikatumwa kwa haraka kwa sababu dalali alisema mnunuzi anaondoka Ijumaa. Hati hiyo haitaji nyumba moja; inasema "mali zote zisizohamishika zilizoko Mkoa wa Simiyu". Haina tarehe ya mwisho. Inampa dalali mamlaka ya kuuza, kuhamisha umiliki, kutia sahihi fomu zote na kupokea fedha. Rudieni hilo la mwisho: kupokea fedha. Mtu huyo anaweza kuuza leo, akapokea kesho, na kisheria akawa amefanya yote hayo kwa niaba yako, kwa ruhusa yako.

Basi ukitoa hati ya uwakilishi, itaje nyumba moja na mipaka yake. Itaje bei ya chini ambayo mwakilishi hawezi kwenda chini yake, jina kamili la mnunuzi, akaunti ya benki itakayopokea fedha (yako au ya msimamizi wa mirathi, kamwe si ya dalali), na siku itakayokoma. Impe mamlaka ndugu unayemwamini au wakili, si mtu anayelipwa kwa asilimia ya mauzo. Ukiwa nje, ithibitishwe kwa mwanasheria na ipite ubalozi wetu. Kama kiwanja kina hati, isajiliwe pia kwa Msajili wa Hati.

Yapo mengine ambayo siku saba haziyatoshi. Sehemu kubwa ya Nkoma ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na kuihamisha kunahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake si idhini ya halmashauri, hata kama umelipiwa. Mahakama ya Rufani ilishatamka tangu 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili. Wanajumuiya wawili walitujibu kwamba basi hilo ni tatizo la mnunuzi. Si kweli. Mauzo yakiwa batili mnunuzi atadai pesa yake, na wewe umeshailipa hospitali.

Nyumba ya marehemu haina muuzaji mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, lakini muhtasari wake hauuzi nyumba. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kupeleka Fomu Namba 5 yenye orodha ya mali na madeni, na Fomu Namba 6 ya hesabu. Familia hii haikuwa hata na msimamizi. Dada mmoja aliyeolewa Maswa hakuulizwa, na sasa anaweza kwenda Baraza la Kata kuomba usuluhishi (tangu 2021 baraza hilo husuluhisha tu, haliamui), kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria ya Ukomo inampa miaka 12. Kwa wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mama zetu wengi wanaombwa dole gumba bila kusomewa wanachokitia dole.

Kuna na ile hila ya kuandika bei ndogo kwenye mkataba "ili kodi iwe nafuu". Kodi ya ongezeko la mtaji hutozwa kwa faida, na asiye mkazi hutozwa kiwango kikubwa kuliko mkazi, kwa hiyo walioko nje ndio wanaoshawishika zaidi. Lakini kukitokea mgogoro, fedha unayoweza kuidai kwa ushahidi ni ile iliyoandikwa.

Tunarudi kwenye hoja ya mkutano ulioahirishwa. Ibara inayopendekezwa haimkatazi mtu kuuza. Inasema mwanajumuiya mwenye dhiki atakayemjulisha katibu kabla ya kusaini apewe mkopo kutoka Mfuko wa Dharura, urudishwe nyumba ikishauzwa kwa bei ya haki, na mkataba wake usomwe bure na mawakili walio miongoni mwetu, ambao wameshakubali. Wanaopinga wanasema jumuiya isiingilie mali ya mtu. Tumewasikiliza, na hatuoni mahali ambapo ibara hii inaingilia. Kinachotuuma ni kwamba jumuiya hii hukusanya michango ya jeneza na usafiri wa maiti kwa usiku mmoja, lakini familia ikibaki na deni lile lililotangulia kifo, kila mtu anageuka kuwa mtazamaji. Mfuko una fedha. Zimelala tangu mwaka jana kwa sababu kundi la Mwanza na kundi la Dar es Salaam hawajakubaliana nani awe mtia sahihi wa tatu benki. Hilo nalo ni jambo la aibu na limalizwe.

Mkutano umeitishwa upya Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Katiba yetu iko wazi: hoja ikikosa akidi mara mbili inaondolewa hadi Mkutano Mkuu wa mwaka, yaani baada ya Aprili, msimu wa njaa ukiwa umeshapita na nyumba nyingine zimeshaondoka. Walioko nje wanaruhusiwa kuhesabiwa kwenye akidi kwa fomu ya uwakilishi wa kura, ambayo katibu anayo. Andika jina lako, jina la atakayekupigia kura na tarehe, utie sahihi, uirudishe kabla ya Alhamisi ya wiki ya mkutano. Fomu yenye nafasi wazi haitapokelewa. Na yeyote aliyekwisha kutoa hati ya uwakilishi kwa dalali, awasiliane na mawakili wetu wiki hii, asisubiri mkutano, ili waone kama inaweza kutenguliwa kwa maandishi na Halmashauri ya Kijiji ipewe nakala kabla zile nukta hazijajazwa.