Kuoanisha Si Kugundua: Mfuatano wa Nyakati katika Michezo ya Video na Kasoro ya Uhakiki wa Visakale

Kuna swali ambalo uhakiki wa visakale vya Kiswahili umelibeba kwa muda mrefu kama deni lisilolipika: Fumo Liyongo aliishi lini? Wako waliomrudisha nyuma kabla ya mwaka 1200, na wako waliomleta mbele hadi karne ya 17. Pengo la miaka mia nne na zaidi lingetosha kumtanabahisha mtafiti yeyote kwamba huenda tatizo haliko katika uhaba wa ushahidi pekee, bali katika njia yenyewe ya kuutafuta. Badala yake, kila kizazi cha wahakiki huongeza tarehe yake juu ya tarehe za waliotangulia. Makala haya yanadai kwamba kasoro ya njia hiyo huonekana waziwazi mahali ambapo idara za fasihi hazipendi kupatazama, nako ni katika michezo ya video ya fantasia inayosimuliwa kwa mfululizo.

Dai hili halitawapendeza wengi. Kauli isikikayo katika semina ni kwamba mchezo wa video ni bidhaa ya kuwapotezea vijana wakati, na kwamba mwanafunzi wa uzamili anayeutaja ameishiwa na mada. Inafaa kukumbushana kwamba kauli za aina hii zina historia. Mwaka 1970 Ruth Finnegan aliandika kwamba utendi hauonekani kuwa utanzu wa kawaida barani Afrika, na wataalamu wa Kiafrika, akiwemo Isidore Okpewho mwaka 1979 na baadaye M. M. Mulokozi, wakatumia juhudi kubwa kumjibu. Jibu lao lilisimama juu ya hoja moja ya msingi: kigezo kilichotumiwa kilikuwa kimetolewa kwingine, kikalazimishwa juu ya fasihi isiyokijua. Ni ajabu basi kwamba warithi wa mjadala huo ndio wanaofunga mlango leo kwa kutumia kigezo cha kitabu kilichopigwa chapa.

Chukua mtaa wa Bondeni mjini Nakuru, mmoja wa mitaa ya zamani ya mji huo, uliokaliwa na watu waliotoka pande nyingi na wanaoelewana kwa Kiswahili. Katika vibanda vya michezo ya video vya mitaa kama huo, kandanda ndiyo hutawala. Lakini kijana anayeuacha mpira na kuushika mfululizo wa God of War hukutana mara moja na tatizo la usimulizi. Mchezo wa kwanza ulitolewa mwaka 2005, wa pili 2007, wa tatu 2010. Kisha ukaja mwingine mwaka 2013 unaosimulia mambo yaliyoitangulia yote hiyo. Anayefuata mpangilio wa kutolewa anapata kisa kimoja. Anayefuata mpangilio wa matukio anapata kingine, kwa kuwa anajua mapema yale ambayo mwenzake anayagundua mwishoni. Kijana huyo anapobishana na mwenzake juu ya ipi ianze, hana istilahi, lakini mjadala anao. Ni mjadala uleule wa wahakiki wa umbo wa Urusi wa miaka ya 1910 na 1920, waliotenganisha mfululizo wa matukio na jinsi matukio hayo yanavyopangwa katika usimulizi.

Kwa hiyo kuna nyakati mbili ambazo sharti zitenganishwe: wakati wa kusimulia na wakati wa ndani ya kisa. Kwa visakale huongezeka wakati wa tatu, yaani wakati wa historia, ambao ndio mwanahistoria huutafuta. Makosa mengi ya uhakiki wa Liyongo yanatokana na kuzichanganya nyakati hizi tatu. Na hapa ndipo michezo ya video inapofaa kuwa maabara. Katika michezo hiyo wakati wa kusimulia unajulikana kikamilifu, kwa kuwa kila toleo lina tarehe. Na wakati wa historia haupo kabisa, kwa kuwa ulimwengu wenyewe haukupata kuwepo. Linalobaki ni tendo la kuoanisha peke yake, wazi, bila vazi la ushahidi.

Mfano ulio bora ni The Legend of Zelda, mfululizo wa kampuni ya Nintendo ya Japani ulioanza mwaka 1986. Katika karibu kila mchezo yumo shujaa aitwaye Link, binti mfalme aitwaye Zelda, na nchi iitwayo Hyrule. Mara nyingine Link ni yuleyule. Mara nyingi ni mwingine mwenye jina hilohilo, aliyezaliwa zama nyingine. Mchezo wa mwaka 1987 uliendeleza ule wa kwanza. Wa mwaka 1991 ukarudi nyuma kwa mababu. Mwaka 1998 ukatolewa Ocarina of Time, ambamo shujaa huvuka miaka saba kutoka utoto hadi utu uzima, na mwishoni hurudishwa utotoni. Kutokana na mwisho huo wachezaji wakaona kuwa historia ya Hyrule imegawanyika katika mikondo miwili: mmoja wa ulimwengu alioutoka shujaa, mwingine wa ulimwengu aliourudia.

Kwa miaka mingi wapenzi wa mfululizo huo walichora michoro ya nyakati, wakabishana kwa bidii inayowashinda wanafunzi wengi wa tendi. Desemba 2011 Nintendo ikatoa nchini Japani kitabu, Hyrule Historia, chenye mfuatano rasmi. Na katika kitabu hicho mikondo haikuwa miwili, bali mitatu. Wa tatu ni ule ambamo shujaa wa Ocarina of Time anashindwa. Lakini hakuna mchezo wowote uliosimulia kisa cha kushindwa huko. Mchezaji aliyeshindwa alipewa nafasi ya kujaribu tena. Hakuonyeshwa Hyrule iliyofuata. Hata hivyo, chini ya mkondo huo ambao haukupata kusimuliwa iliwekwa michezo iliyo mikongwe kuliko yote, ya 1986, 1987 na 1991, kwa sababu haikupata mahali pengine pa kukaa.

Hili ndilo jambo ambalo mhakiki wa visakale anapaswa kulitafakari. Masimulizi yaliyotungwa kwa nyakati mbalimbali, na kwa makusudi mbalimbali, yalipolazimishwa kukaa katika mstari mmoja, yalikataa. Ili yakae, ilibidi litungwe tukio jipya. Mfuatano ukapatikana, nao haukujipinga. Lakini kutojipinga huko hakukuthibitisha lolote juu ya Hyrule. Kulithibitisha tu kwamba mtungaji hodari anaweza kuziba pengo. Tena haukudumu. Kitabu kingine rasmi cha baadaye kilibadilisha nafasi za baadhi ya michezo. Breath of the Wild ya mwaka 2017 ikaja kuwekwa mwishoni bila kufungwa kwenye mkondo wowote kati ya ile mitatu, na Tears of the Kingdom ya mwaka 2023 ikaleta kisa chake cha kuasisiwa kwa ufalme, mabishano yakaanza upya. Kuoanisha masimulizi, basi, ni kutunga, si kugundua.

Sasa na turudi kwa Liyongo. Tunazo matini zilizokuja kwa nyakati tofauti na kwa haja tofauti. Iko takhmisa ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambayo ni ushairi uliojengwa juu ya ushairi unaohusishwa na Liyongo, wala si wasifu. Iko nathari iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Uko utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, wenye mkate wa wishwa uliofichwa tupa, na mwana anayemdunga babaye sindano ya shaba kitovuni. Yako pia masimulizi ya mdomo, ambamo mara adui ni Sultani wa Pate, mara ni nduguye Mringwari katika ugomvi wa kiti. Mhakiki mwoanishaji hufanya nini? Humchukua Mringwari kutoka huku, sindano kutoka kule, gereza kutoka kwingine, akavisuka kuwa maisha ya mtu mmoja. Kisha hutafuta karne inayoweza kuyabeba maisha hayo. Pale ambapo masimulizi mawili hayapatani, huongeza safari, ndoa ya pili, au Liyongo wa pili mwenye jina la wa kwanza. Huo ndio mkondo wa tatu wa Hyrule, umevishwa joho la usomi.

Itapingwa kwamba Liyongo si Link. Kwamba huenda aliishi kweli, na kwamba kuacha kutafuta tarehe yake ni kuwanyima Waswahili historia yao. Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa. Lakini linathibitisha hoja badala ya kuivunja. Wakati wa historia una njia zake za kuchunguzwa. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uliofanywa miaka ya 1980, ulionyesha makazi yaliyoanza karne ya 8 na kuachwa mapema karne ya 15. Huo ni ushahidi, kwa kuwa umetoka nje ya kisa. Tarehe iliyopatikana kwa kupatanisha beti za utenzi haikutoka nje ya kisa. Ni ubeti mwingine ulioongezwa.

Itapingwa pia kwamba michezo ya video ina mwenyewe: kampuni inaweza kuamuru lipi ni sahihi. Ni kweli, na hiyo ndiyo tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Nintendo inamiliki Hyrule. Liyongo hana mmiliki. Mhakiki anayetangaza Liyongo mmoja sahihi anatoa amri ya kampuni juu ya mali asiyokuwa na hatimiliki yake, na kila toleo analolikataa hulihukumu kuwa kosa la msimulizi aliyeghafilika.

Madhara yake si ya vitabuni tu. Mji wa Nakuru uko chini ya Menengai, na juu ya kreta hiyo husimuliwa vita vya Wamaasai na Wailaikipiak, wapiganaji waliotupwa shimoni, na mvuke unaopanda kuwa ndizo roho zao. Wengine huviweka vita hivyo katikati ya karne ya 19, wengine miaka ya 1870. Jina la mlima lenyewe lina maelezo zaidi ya moja. Katika mtaa wenye mchanganyiko wa watu kama Bondeni, si ajabu msimulizi mmoja akasisitiza vita, mwingine mashetani, mwingine mvuke. Mwanafunzi anayetumwa kukusanya kisa cha Menengai kwa umoja, kisha akaagizwa aondoe yasiyopatana, anarudi na kisa ambacho hakuna mtu aliyepata kukisimulia. Wasimulizi wakifa, kisa hicho cha darasani ndicho kitakachobaki.

Kinachotakiwa si kigumu. Kila toleo lihifadhiwe likiwa zima, na jina la msimulizi kwa idhini yake, mahali na tarehe. Matoleo yawekwe sambamba, yasiyeyushwe kuwa moja. Tarehe za historia ziachiwe ushahidi ulio nje ya kisa. Na mwanafunzi anayetaka kuchunguza mfuatano wa nyakati katika mfululizo wa michezo ya video asirudishwe mlangoni, maana huenda akawa ndiye wa kwanza katika idara yake kuona, bila utando wa heshima, namna wasomi wanavyotunga huku wakidhani wanagundua.