Matembezi ya Herrnhut

Mwezi uliopita tuliwaahidi habari za safari yetu ya Ulaya. Leo twaitimiza ahadi.

Huko Ujerumani wako watu waliofanya chama cha kutembea kwa miguu. Hukutana siku ya Jumamosi, wazee kwa vijana, kila mtu na fimbo yake na mkate wake, kisha huenda kutazama miji midogo ya zamani. Siku ya kwanza tulimwuliza mzee mmoja, "Je, twaenda kwa nani?" Akacheka, akasema, "Hatuendi kwa mtu." Tulistaajabu, kwani kwetu mtu akishika njia pasipo mzigo wala haja, watu huuliza kama ni mzima. Lakini baada ya mwendo wa saa mbili tuliiona faida yake: watu ambao kanisani husalimiana tu, njiani huambiana mambo ya nyumbani.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, majira ya kupukutika majani. Msidhani ni kama vuli yetu yenye mvua na kupanda. Huko miti huacha kazi, majani hugeuka manjano na mekundu, huanguka hata njia isionekane.

Tulianzia Berthelsdorf, katika kanisa ambamo tarehe 13 Agosti 1727 wakimbizi wa Moravia na wenzao, waliokuwa wamegombana sana, walishiriki Meza ya Bwana wakapatana. Toka hapo hata Herrnhut ni kama nusu saa. Mji huu ulianza kwa mti mmoja, ambao seremala Christian David aliukata tarehe 17 Juni 1722 katika shamba la Bwana Zinzendorf. Mwaka 1732 wakapeleka wajumbe wao wa kwanza kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, na mwaka 1891 watu wa kanisa hilo wakafika Rungwe. Mwezi wa Mei 1945 kanisa lao liliteketea kwa moto, likajengwa tena. Na mwaka 2024 UNESCO ikauandika mji katika urithi wa dunia. Haya mwaweza kuyasoma vitabuni. Sisi twataka kusema habari za makaburi.

Mahali pale huitwa Shamba la Mungu, napo ni mtelemkoni mwa kilima cha Hutberg, kati ya miti iliyopangwa safu. Mawe yamelazwa chini, sawasawa na udongo, yote ya namna moja. Watu huzikwa kwa kufuatana walivyokufa, si kwa ukoo wala kwa mali. Wanaume upande huu, wanawake upande huu. Ila katikati makaburi ya jamaa ya Zinzendorf ni makubwa. Tulipouliza, yule mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Hata sisi hatukuweza yote."

Mkewe amelala pale. Akalifagia jiwe lake kwa fimbo, majani yakaondoka, jina likaonekana. Tulimwuliza kama haimwumi kwamba yeye atalazwa upande wa pili. Akajibu, "Huniuma. Lakini alfajiri ya Pasaka sote twaja hapa."

Nasi tulikuwa na neno moyoni. Mama yetu alilala mwezi wa Februari. Mdogo wetu, mwenye kazi mjini, ataka kaburi la vigae, lenye paa na uzio wa chuma, na kila mtoto amekatiwa fungu lake. Dada yetu ni mjane. Fungu lake ni ng'ombe, na ng'ombe huyo ndiye ada ya shule ya mwanawe. Nasi, ambao kwa miaka mingi tumefundisha habari za ufufuo, tulikuwa tumekubali. Tuliogopa watu wasije wakasema kwamba mwalimu amemlaza mamaye kama mtu asiye na watoto.

Usiku ule tukamwandikia mdogo wetu. Alijibu kwamba hizo ni desturi za Wazungu. Tukamkumbusha kaburi la babu yetu, ambalo halina saruji hata leo, lina mti tu, na sote twalijua. Hilo hajalijibu.

Baraza la ukoo ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Saruji imekwisha agizwa; ng'ombe wa dada yetu yungali zizini.