Nesi Mgeni Asiachwe Peke Yake Wodini



Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo husemwa kwa minong'ono, na ni mara chache sana kuletwa mezani mbele ya waajiri. Jambo lenyewe ni hali ya manesi wapya. Hapa Kaloleni twaishi nao. Wengine wamepanga chumba wawili wawili, wengine ni watoto wetu wenyewe tuliowalipia karo kwa taabu. Asubuhi twawaona wakishuka matatu Barabara ya Jogoo, wametoka zamu ya usiku, macho mekundu. Mama akiuliza, "Mwanangu, una nini?" hujibiwa, "Ni uchovu tu, mama." Sisi twasema si uchovu tu.

Fikirini kazi yenyewe. Kijana husoma miaka mitatu au zaidi, na siku zote nyuma yake yuko mwalimu. Kisha hufaulu, hupewa leseni, huajiriwa. Jana alikuwa mwanafunzi, leo ni "sista", na wodi nzima yamtazama yeye. Usiku wagonjwa ni wengi na manesi ni wawili, pengine mmoja. Huyu ataka dawa, yule dripu imekwisha, wa tatu apumua vibaya, na daktari yuko jengo jingine. Mgonjwa akifa, nesi ndiye amfungaye macho, ndiye aandikaye karatasi, ndiye awaambiaye jamaa. Baada ya hapo huenda kitanda kinachofuata kupima homa, kana kwamba halikutokea neno. Hakuna amwulizaye, "Na wewe, u hali gani?" Basi hulilia chooni, hunawa uso, hurudi kazini.

Wako wasemao kwamba nesi wa namna hiyo ana moyo mwepesi na amekosea kazi. Hayo si kweli. Mwaka 1974 huko Marekani, Marlene Kramer, naye nesi, aliandika kitabu kizima juu ya mshtuko wa nesi mpya aonapo kwamba wodi si kama alivyofundishwa, na jinsi mshtuko huo unavyowafanya wengi waache kazi. Ikiwa hata penye mali nyingi mambo ni hayo, itakuwaje kwetu, ambako glavu zaweza kwisha kabla zamu haijaisha?

Tutoe mfano mmoja. Nesi mgeni ana haraka, ajidunga sindano iliyotumika. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ziko, lakini sharti zianzwe upesi iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na kumezwa siku 28. Sasa huyu mgeni aogopa. Akisema, ataambiwa ni mzembe, na kwa kuwa kazi yake ni ya mkataba, pengine hautatiwa sahihi tena. Kwa hiyo anyamaza, na saa zapita. Ndugu, hofu ya namna hii yaweza kuua mtu. Hili si jambo la machozi tu.

Hapa yatupasa kusema na wakubwa wa kazi pia, nao ni wanachama wenzetu. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini katika wodi nyingine ni mwenyeji apone, mgeni augue. Mgeni ndiye apewaye usiku mfululizo, ndiye apewaye Krismasi na Idi, ndiye agombezwaye mbele ya wagonjwa. Akilalamika huambiwa, "Hata sisi tulipita huko." Kama mlipita huko na mliumia, basi ninyi ndio mnaojua njia, na ninyi ndio wa kuiondoa miiba.

Lakini mzizi wa taabu hii hauko kwa nesi mkubwa aliyechoka. Uko kwa mwajiri apangaye watu wawili pahali pa watu sita. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziliwekwa chini ya serikali za kaunti. Mwaka 2017 manesi waligoma tangu Juni hata mwanzo wa Novemba, karibu miezi 5, wakidai mapatano ya mishahara yao. Mwaka 2020 wafanya kazi wa afya kwa maelfu waliandikwa kwa mikataba ya muda chini ya mpango wa afya kwa wote, na mwaka 2025 wengi wao walipiga kambi mbele ya makao ya Wizara ya Afya hapa Nairobi, wakidai kazi ya kudumu. Julai 2021 Serikali ilitia sahihi mapatano na Uingereza ili manesi wa Kenya waende kufanya kazi huko. Hatumlaumu aendaye. Twauliza tu: atabaki nani wodini, na atamfundisha nani yule mgeni?

Vijana wengine hufikiri kwamba chama ni cha wazee na cha mishahara tu. Wakumbuke habari za Tom Mboya. Mwaka 1951 aliajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi awe mkaguzi wa afya, kijana mgeni kazini. Wakaguzi Waafrika walilipwa chini kuliko Wazungu wa kazi ile ile. Siku moja mama wa Kizungu aliingia ofisini, akamwona, kisha akauliza kama hakuna mtu. Mboya hakuyameza mambo hayo peke yake. Aliyapeleka kwa wenzake, na kile chama chao cha watumishi kikageuzwa kuwa chama kamili cha wafanya kazi wa serikali za mitaa.

Sheria nayo iko upande wetu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chasema kila mfanya kazi ana haki ya hali nzuri ya kazi. Mkataba namba 149 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 1977, wahusu manesi hasa, na Kenya imeukubali. Kwa hiyo twadai haya:

1. Kila nesi mpya apewe mlezi wa kazi, nesi mzoefu mwenye kujulikana kwa jina, kwa miezi ya kwanza.
2. Nesi mpya asiachiwe wodi peke yake usiku.
3. Ajidungaye sindano atibiwe papo hapo, wala asiadhibiwe kwa kusema.
4. Baada ya kifo kigumu, zamu ipewe nafasi ya kukaa na kuzungumza, hata dakika 15.
5. Kazi ya kudumu iwe na ajira ya kudumu.

Nanyi ndugu wa Kaloleni msio manesi, mna sehemu yenu. Foleni ikiwa ndefu na dawa haipo, msimtukane yule binti aliye dirishani. Si yeye aliyekataa kununua dawa. Ukiwa na hasira, mpelekee mjumbe wenu wa kaunti, maana yeye ndiye aombaye kura.

Na wewe nesi mgeni usomaye karatasi hii, usione haya. Kulia kwa ajili ya mgonjwa aliyekufa si kosa la kazi. Mtafute mwakilishi wa chama mahali pako, umweleze tarehe, zamu, na idadi ya wagonjwa mliokuwa nao. Andika, usitegemee kichwa. Machozi ya mtu mmoja mwajiri huyapuuza, lakini karatasi za manesi mia zikiwekwa mezani pake, hana budi kuzisoma.