Mkristu si Mbuzi

Kuna neno moja linalotembea mjini Lubumbashi, toka ofisini mpaka sokoni, nalo limekwisha kuingia hata katika nyumba zetu. Watu husema: mbuzi hula pale alipofungwa. Maana yake twaijua sote. Mwenye muhuri hula kwa muhuri wake, mwenye kalamu kwa kalamu yake, mwenye bunduki barabarani kwa bunduki yake. Neno hilo husemwa kwa kicheko. Sisi twasema ni neno la uongo, na Mkristu anayeliishi anamkana Bwana wake.

Tuwasikilize kwanza wanaolitetea. Wanasema: "Mshahara hautoshi, tena hauji kwa wakati. Watoto wanataka bukari, shule inataka fedha." Hayo ni kweli, wala hatuyakatai. Mkubwa anayezuia mshahara wa mtu wa kazi anatenda dhambi inayomlilia Mungu. Lakini tuulize: matabishi yanatoka mfukoni mwa nani? Gari la unga likitoka Zambia na kufika Kasumbalesa, kila noti inayotolewa kwa siri mpakani huongezwa katika bei ya unga. Mwisho wake anayelipa ni mama wa Katuba au wa Kenya, anayenunua kopo moja jioni. Basi aliyedhulumiwa anamdhulumu aliye maskini kuliko yeye. Je, hiyo ndiyo haki?

Wengine wanasema: "Yesu ni Mungu, sisi ni watu tu. Kanisani tutamfuata, lakini kazini haiwezekani." Hapo ndipo penye kosa kubwa. Bwana wetu naye alikuwa na mahali pake pa kazi. Kwa miaka karibu thelathini alikaa Nazareti, na watu walimjua kuwa seremala. Miaka ya kuhubiri ilikuwa michache tu. Sehemu kubwa ya maisha yake hapa duniani ilifanana na yetu: kuamka, kufanya kazi, kula jasho lake, kulala. Je, twaweza kumfikiria akimwuzia mjane mlango wa mbao mbovu? Katika kundi la mitume alikuwako mmoja aliyekula pale alipofungwa. Ni Yuda, mshika mfuko, aliyekuwa akiiba fedha zilizotiwa humo. Mwisho wake twaujua.

"Lakini hayo ni mambo ya kale," watasema. Haya, tumtazame mtu wa nchi yetu na wa siku zetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Hakuwa padre wala bruda. Alisoma sheria, akapata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Tena aliwatunza watoto wa barabarani pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio. Mwaka 2007 uliletwa mchele ulioharibika, akaahidiwa fedha ili aupitishe. Akakataa, kwa kuwa ungewadhuru watu. Mwezi wa Julai alitekwa, akateswa, akauawa, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Angalieni vema: msalaba wake aliupata kazini, karibu na muhuri. Naye alifungwa penye majani mengi, lakini hakula.

Sisi tunaoandika haya hatuna mikono safi. Tumewahi kutoa noti ili karatasi yetu itangulie, tukijiambia kwamba kila mtu hufanya hivyo. Aliyekuwa mbele yetu katika mstari, asiye na noti, alirudi nyumbani mikono mitupu. Jumapili iliyofuata tulipiga kifua katika Misa, lakini yeye hatukumkumbuka. Basi fimbo hii inatuangukia sisi kwanza.

Tufanye nini? Si wote watakaoitwa kufa kama Floribert. Lakini mwalimu aweza kutoa alama bila kuziuza. Muuza unga aweza kunyoosha kopo lililobonyezwa chini. Karani aweza kupokea karatasi kwa zamu. Mkubwa aweza kulipa mishahara kwa siku yake. Na jioni, kabla ya kula, baba na mama waulizane mbele ya watoto: fedha iliyoleta bukari hii imetoka wapi? Maana mtoto humwiga baba yake kabla hajajua kumwiga Yesu.

Atakayefanya hivyo atachekwa na kuitwa mjinga, na pengine sufuria yake itakuwa nyepesi. Hatuwafichi. Kwa sababu hiyo parokia isimwache peke yake. Tukimsifu Floribert kwa nyimbo, kisha tukamwacha jirani aliyekataa matabishi alale na njaa, sifa zetu ni kelele tu. Jumuiya yake imjue, imsaidie, imwombee.

Mbuzi hakubatizwa, wala hakupakwa Krisma, wala haendi mezani pa Bwana. Sisi tumebatizwa, tumepakwa, na kila Jumapili tunakwenda. Kesho Jumatatu, tukikaa penye kazi yetu na mkono wa mtu ukatujia na noti iliyokunjwa, tukumbuke ni nani tuliyempokea. Yesu, seremala wa Nazareti, atupe nguvu ya kuurudisha mkono ule kwa upole.