Mnaficha Nini Sandukuni?

Maneno haya nawaelekezea wachoraji, wapiga picha na watengenezaji wa filamu fupi wanaoishi kama niishivyo mimi, mbali na miji mikubwa. Najua wako watakaochukia. Wachukie, lakini wasome hadi mwisho.

Hapa Mlali, wilayani Kongwa, namfahamu kijana mwenye madaftari manne yaliyojaa michoro ya penseli na kalamu ya wino: ng'ombe wakishuka korongoni, wazee wakicheza bao, tembe lililobomoka upande mmoja. Ni michoro mizuri kuliko mingi niliyoiona ikiuzwa Dar es Salaam. Madaftari hayo yamo sandukuni chini ya kitanda, na sanduku lina kufuli. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Bado haijakamilika, kaka." Miaka mitatu baadaye jibu lilikuwa lile lile. Namfahamu na mwingine, mpiga picha, ambaye mikanda yake ya negativu imejikunja ndani ya kopo la maziwa ya unga. Huyu anangoja mashindano.

Watu huiita tabia hii unyenyekevu. Mimi naiita uchoyo. Umemchora mzee wa watu akiwa kwenye bao lake, umeuchukua uso wake ukaenda nao nyumbani, kisha unamnyima hata kuuona. Unyenyekevu uko wapi hapo?

Mkoani mwetu humu humu, huko Kolo wilayani Kondoa, yako mapango ya wazi zaidi ya 150 yenye michoro ya kale, mingi ya rangi nyekundu, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey alikwenda kuinakili mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka 1983. Waliochora hawakungoja aje. Walichora mwambani, mahali ambapo kila apitaye aliweza kutazama, na hata katika zama zetu wenyeji wameendelea kwenda kwenye baadhi ya miamba hiyo kutambika na kuomba mvua. Mchoro umeishi kati ya watu wake. Sasa wewe mwenye daftari la kurasa 96 unaniambia kazi yako haijawa tayari kuonwa na jirani?

Hofu kubwa ninayoisikia ni kuibiwa. "Nikionyesha, wataiga." Basi na tumtazame Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Alianza kuchora kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao laini kwenye mwaka 1968, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu! Lakini alikuwa akichora nje, mbele za watu, na akawafundisha ndugu na jamaa zake. Waliiga, ndiyo. Kwa sababu waliiga, leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji inayojulikana duniani. Angejifungia chumbani, angezikwa na ufundi wake. Na kwa wanaopenda sheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa. Haisemi lazima uifungie kwanza.

Mimi bado natumia kamera ya mkanda. Wenzangu hunicheka, na si kwamba hawana sababu: mkanda ni ghali, una picha 36 tu, na kuusafisha katika nchi yetu hii kavu ni kazi. Dawa inataka maji ya nyuzi 20, na mwezi wa Oktoba maji ya ndoo ya plastiki hayafiki huko hata usiku wa manane. Mimi hutumia ya mtungi, maana mtungi huvuja jasho ukapoa. Hata hivyo mara nyingine hunibidi nipunguze dakika. Kisha lije vumbi. Mkanda ukining'inia mbichi, upepo wa Dodoma huunyunyizia chembe zake, na kila chembe huonekana pichani kama nyota. Nayasema haya ili isidhaniwe kwamba anayeonyesha ni yule ambaye kazi yake haikumgharimu.

Mwaka juzi nilitundika picha zangu kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, kati ya miarobaini miwili, siku ya soko. Hakuna aliyetoa hotuba. Watu walipita na mizigo yao, wakasimama, wakabishana hilo shamba la alizeti ni la nani. Mama mmoja alisimama mbele ya picha ya mtu anayekwenda shambani, jembe begani, amegeukia kule. Mimi niliipiga kwa ajili ya kivuli chake kirefu. Mama akasema, "Huyu ni baba Neema." Mumewe alikuwa amefariki, na nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Alimtambua kwa mgongo. Nikaibandua, nikampa, naye akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Sasa nielezwe: jaji gani wa mashindano angeiona picha ile kama alivyoiona yeye?

Sina ugomvi na matamasha. Tamasha la filamu la Zanzibar limekuwa likiwakusanya watu tangu 1998, na anayepata nafasi aende. Ninachokipinga ni kuwapa wageni kuwa watazamaji wa kwanza na wa mwisho. Mwaka 1991 picha za Seydou Keïta wa Mali zilionyeshwa New York pasipo jina lake. Ziliandikwa kuwa mpiga picha hajulikani. Kule Bamako alikuwa anajulikana sana, na wateja wake walikuwa na picha hizo majumbani.

Kwa upande wa filamu, tumekuwa watazamaji kwa muda mrefu mno. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu fupi za kutufundisha usafi, kilimo na hata kuweka akiba posta, wakazizungusha kwa gari. Mwaka 1952 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu 1962, aliigiza katika "Muhogo Mchungu". Kukaa chini gizani na kutazama shuka jeupe tumekujua tangu enzi za babu zetu. Kilichobadilika ni kwamba sasa simu ya mkononi inaweza kupiga filamu ya dakika saba kuhusu kina mama wanaochimba maji kwenye mchanga wa korongo, na shuka ni lile lile.

Lakini hapo ndipo serikali nayo huleta sanduku lake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, iliyorekebishwa mwaka 2019, inataka vibali vya kutengeneza filamu na kuionyesha hadharani. Kwa kampuni yenye magari na waigizaji wa kulipwa, sawa. Kwa dakika saba za korongo? Nilikwenda katika ofisi moja, ambayo siitaji, kuulizia utaratibu. Bwana aliyenipokea alikuwa mpole. Aliniuliza jina la kampuni yangu. Nikasema sina. Akaniuliza bajeti. Nikamtajia nauli ya basi na betri. Akaniuliza filamu itauzwa wapi. Nikamjibu haiuzwi, itaonyeshwa kwa wale waliomo ndani yake. Alinyamaza, akaigeuza fomu upande wa pili kutafuta mahali pa kuliandika jibu hilo. Hapakuwepo.