Picha za Simuni Zilindwe kwa Pamoja

Simu moja ya mkononi hubeba siri za watu wengi. Ndani yake mna picha za watoto, kitambulisho cha NIDA kilichopigwa picha ili kitumwe kwa mwajiri, majibu ya vipimo vya hospitali na namba za ukoo mzima. Mwenye simu akizembea, huumia hata shangazi aliyeko kijijini ambaye hajawahi kugusa intaneti. Ndiyo maana ulinzi wa picha na taarifa binafsi hauwezi kuachiwa kila mtu na simu yake. Ni kazi ya mtaa, ya kikundi, ya shule na ya kibanda cha fundi.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume iliyoundwa chini yake hupokea malalamiko. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu 2019. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ofisi hizo, hata hivyo, hazina macho katika kila uchochoro. Zinahitaji wananchi wanaoandika malalamiko na kutunza ushahidi.

Mlango wa kuvujia taarifa ulio wazi kuliko yote ni mikopo ya mtandaoni. Mtu aliyebanwa na ada au dawa hupakua programu, huombwa kuiruhusu isome namba za watu na picha zilizo simuni, naye hukubali kwa sababu shida haingoji. Akichelewa kulipa, taarifa hizo hugeuzwa fimbo: bosi, mkwe na mwalimu wa mtoto hutumiwa ujumbe wa kumwaibisha, wao ambao hawakukopa wala kudhamini. Tangu 31 Mei 2023 duka la Google limezikataza programu za mikopo kusoma namba za watu na picha zilizo katika simu za wateja, lakini katazo hilo haliifikii programu iliyopakuliwa kwa kiungo kilichotumwa na mtu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Inafaa orodha kama hiyo isomwe kwa sauti katika vikao vya VICOBA, na mfuko wa jamii wa kikundi uimarishwe ili mwanachama asikimbilie mkopo wa usiku wa manane. Anayepokea ujumbe wa kumdhalilisha mdaiwa asiusambaze. Aupige picha ya skrini, autunze na amsaidie mhusika kulalamika.

Mlango wa pili ni kibanda cha fundi. Kubadilisha kioo, betri au sehemu ya chaji hakuhitaji neno la siri la mteja, na fundi mwaminifu hulisema hilo mwenyewe. Simu kadhaa za Samsung zina hali ya matengenezo inayomruhusu fundi kujaribu simu huku picha, ujumbe na akaunti vikiwa vimefichwa. Mafundi wa mtaa mmoja wakikubaliana kutolidai neno la siri bila sababu, na kufanya kazi mbele ya mteja inapowezekana, wateja watakuwa na pa kwenda kwa amani.

Kuuza simu nako kuna mtego. Picha iliyofutwa huweza kukaa kwenye kapu la taka kwa siku 30 au zaidi. Kabla ya kuiuza, mwenye simu huhifadhi vitu vyake kwingine, hutoka kwenye akaunti zake, huirejesha simu katika hali ya kiwandani, kisha hutoa laini na memori kadi.

Jambo linalouma zaidi ni picha za faragha kusambazwa, zile ambazo vijana huombana mitandaoni kwa jina la koneksheni. Aliyezivujisha wa kwanza huwa mmoja. Wanaomvunja mhusika ni maelfu wanaozituma mbele. Kila anayezituma anaongeza jeraha, na anajiweka katika hatari ya kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Viongozi wa vikundi vya WhatsApp wana uwezo wa kufuta picha hizo kwa wanachama wote, na wautumie uwezo huo mara moja bila kuchelea lawama. Aliyetimiza miaka 18 anaweza kutumia StopNCII, huduma iliyoanza Desemba 2021: hutengeneza alama ya kidijiti ya picha, picha yenyewe ikibaki simuni, ili Facebook, Instagram na mitandao mingine shiriki izuie isipandishwe. Kwa picha za watoto ipo huduma ya Take It Down.

Kufuli la skrini, uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp na kutompa mtu yeyote tarakimu sita za usajili ni mambo ya dakika chache. Vijana wanaoyajua wawawekee wazazi na babu zao, na vikao vya wazazi vidai kila shule iombe idhini ya maandishi kabla ya kuweka picha ya mtoto mtandaoni.