Wafaransa Waoga? Kicheko cha Kuazima

Juzi mtangazaji mmoja wa michezo alikuwa akichambua mechi ya Ufaransa redioni. Timu ilikuwa imefungwa, naye akaona mpira peke yake haumtoshi. "Hawa ndio walivyo," akasema, "hata vitani huinua mikono kabla risasi haijalia." Mwenzake akacheka hadi akapaliwa. Jioni hiyo hiyo, kwenye kundi letu la WhatsApp, mtu akatuma picha ya rangi ya askari wa Kifaransa wa Vita ya Kwanza ya Dunia: makoti ya buluu, kofia za chuma, wameketi handakini, mmoja ameegemea ukuta wa udongo. Chini kaandika: "Jeshi la Ufaransa likiwa kazini." Kundi zima likaangua kicheko.

Nimechoka na upuuzi huu. Sina mjomba Paris, sijawahi kuomba viza yao, na nina mengi ya kuwadai Wafaransa, nitayafikia. Lakini uongo ni uongo hata ukimchafua mtu usiyempenda.

Tuanze na hiyo picha, maana ndiyo iliyoletwa kama ushahidi. Picha nyingi za rangi halisi za vita ile zilitoka Ufaransa kwa sababu ufundi wenyewe ulikuwa wa huko. Auguste na Louis Lumière, ndugu wawili wa Lyon, wale wale wa sinema, waliusajili mwaka 1903 na kuanza kuuza mabamba yake mwaka 1907, wakayaita otokromu. Bamba lilikuwa kioo kilichopakwa chembe ndogo mno za wanga wa viazi, nyingine zimetiwa rangi ya machungwa, nyingine kijani, nyingine urujuani. Nafasi kati ya chembe zilizibwa kwa unga wa mkaa, kisha juu ikapakwa dawa inayonasa mwanga. Mwanga ulipaswa kuzipenya chembe hizo kwanza, kwa hiyo ni kidogo sana kilichoifikia dawa. Ndiyo maana hata juani mpiga picha aliisimika kamera juu ya miguu mitatu, akafungua lenzi, akangoja sekunde nzima au zaidi. Mawingu yakitanda, akangoja zaidi. Chochote kilichosogea kiligeuka ukungu au kikapotea kabisa.

Sasa niambie, wewe uliyecheka: ulitaka askari apigwe picha akishambulia? Kwa wanga wa viazi? Ulitaka awaombe Wajerumani wasimamishe bunduki zao za rasharasha mpaka bamba liive?

Paul Castelnau na Fernand Cuville, waliopigia picha kitengo cha picha cha jeshi la Ufaransa kuanzia mwaka 1917, walijua hilo. Tarehe 16 Juni 1917 Castelnau alikuwa Alsace, akawapiga picha askari katika handaki la mstari wa mbele msituni Hirtzbach. Wametulia tuli. Walitulia kwa sababu waliambiwa watulie. Siku hiyo hiyo, Saint-Ulrich, akawapiga picha askari wa Kiafrika wa kikosi cha "Wasenegali", nao wametulia. Je, nao ni waoga? Cuville naye akaenda Reims akampiga picha mtoto wa kike akicheza na mwanasesere, pembeni zimesimamishwa bunduki. Mtoto ametulia. Kanisa kuu la Reims, lililoteketea kwa mizinga Septemba 1914, nalo limetulia. Katika picha hizo kila kitu kimetulia, kwa sababu kisichotulia hakikuingia. Anayetazama otokromu na kuamua kwamba Wafaransa walikuwa wakikaa tu, na aende makaburini akaamue kwamba watu wa mji huo ni wavivu wa kusimama.

Yaliyoshindwa kuingia kwenye bamba ni haya. Tarehe 22 Agosti 1914, kwa siku moja, waliuawa askari wa Ufaransa wapatao 27,000. Walikwenda vitani na suruali nyekundu, wakionekana kutoka mbali, na bado walikwenda. Wiki mbili baadaye, jeshi hilo hilo lililokuwa limerudi nyuma likiburuta miguu liligeuka kwenye mto Marne na kuwasimamisha Wajerumani waliokuwa wakinusa Paris. Februari 1916 yakaanza mapigano ya Verdun, yakaendelea hadi Desemba, miezi kumi ya mizinga mahali pamoja. Ngome ya Douaumont ilitekwa, kisha ikakombolewa Oktoba 24 mwaka huo, na miongoni mwa waliokwenda kuikomboa walikuwamo Wasenegali na Wasomali walioandikishwa Djibouti. Kati ya watu wapatao milioni 8 walioitwa jeshini Ufaransa, karibu milioni 1.4 hawakurudi. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, kisha umwambie mtangazaji wako.

Kuna wanaokimbilia migomo ya mwaka 1917. Ndiyo, baada ya jenerali Nivelle kuwatupa watu wake kwenye mteremko wa Chemin des Dames mwezi Aprili, vikosi vingi viligoma. Viligoma kushambulia kijinga. Mahandaki havikuyaacha. Hapa kwetu wafanyakazi wakigoma kwa sababu bosi anawaua tunawaita mashujaa na kuwatungia nyimbo. Mfaransa akifanya hivyo, mwoga.

"Na 1940 je?" Nilijua litakuja. Ufaransa ilianguka kwa wiki sita, sibishi. Lakini katika wiki hizo sita walikufa askari wake zaidi ya 50,000, na watu hawafi kwa maelfu hayo wakiwa wameinua mikono. Mwishoni mwa Mei, Wafaransa waliozingirwa Lille walipigana mpaka Wajerumani wenyewe wakawapa heshima za kijeshi walipotoka. Kila siku waliyowashikilia Wajerumani pale ilikuwa siku moja zaidi ya kuwapakia askari wa Uingereza mashuani Dunkirk wavuke kwenda kwao. Mwingereza aliyepanda mashua akaitwa muujiza. Mfaransa aliyebaki nyuma akilinda njia akaitwa mwoga. Mwenye magazeti na sinema ndiye aliyeamua nani aitwe nini.

Na hapo tena picha za rangi zikaongeza sumu. André Zucca, Mfaransa aliyepigia picha jarida la Kijerumani la Signal, alipewa filamu ya Agfacolor wakati Paris ikiwa chini ya utawala wa Hitler. Filamu ile nayo ilikuwa nzito, ikihitaji jua. Kwa hiyo Paris ya Zucca ina jua daima: wanawake wenye miwani ya jua, mbio za farasi, masoko, bendera nyekundu zikipepea juu ya watu wanaotembea bila haraka. Picha hizo zilipoonyeshwa Paris mwaka 2008 zilizua ugomvi mkubwa, na watazamaji wakagawiwa maelezo kwamba wanachokiona ni kazi ya propaganda. Foleni za mkate, watu waliopigwa risasi Mont-Valérien, familia za Kiyahudi zilizokusanywa Julai 1942, hayo yote hayakupata filamu ya rangi. Vita vya kwanza bamba lilidai mtu atulie, vya pili filamu ikadai jua, na mara zote mbili Mfaransa akatoka anapumzika. Watu wamekosea kuisoma kamera, wakadhani wanalisoma taifa.

Mjuaji mwingine alinikatiza dukani: "Hata babu zetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliwachapa Madagaska mwaka 1942!" Nikamshukuru, kwa kuwa amenirahisishia kazi. Waingereza walitua Diego Suarez mwezi Mei, wakaleta manowari, ndege, na baadaye vijana wetu wa Afrika Mashariki. Serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Hitler, ilisalimu amri kisiwani Novemba. Miezi sita, ndugu yangu. Na askari wengi waliokuwa upande wa pili walikuwa Wamalagasi na Wasenegali. Kwa hiyo ukijisifu, jua unamsifu Mwafrika kumpiga Mwafrika kwa amri ya Wazungu wawili.

Nilisema nina mengi ya kuwadai. Laiti Wafaransa wangekuwa waoga! Waulize Waaljeria. Waulize Wamalagasi waliosimama Machi 1947 wakachinjwa kwa maelfu. Waulize Wakomoro walitawaliwaje. Jeshi lisilojua kupigana halijengi himaya kutoka Dakar hadi Antananarivo. Mwafrika akisema Wafaransa hawajui vita anawatukana wazee wake walioshindwa nao, na anawasahau wengine waliokufa wakiwa na sare zao. Kejeli hii ilivuma zaidi mwaka 2003, Marekani ilipokasirishwa na Ufaransa kukataa vita vya Iraki, hata chipsi zikabadilishwa jina kwenye mikahawa ya bunge lao. Waliosema "tusiende" ndio waliokuwa na akili mwaka ule. Sisi tumeazima kicheko cha waliokosea.

Na nikiwa hapa, niwaseme pia hawa wanaochukua picha nyeusi na nyeupe za mapagazi wa Vita ya Kwanza, wale waliolipatia soko letu jina la Kariakoo, wakazipaka rangi kwa programu ya simu na kuzisambaza kama "rangi halisi". Hakuna rangi halisi hapo. Kompyuta imebuni. Unawavika mapagazi nguo ambazo hukuziona, halafu picha ya kweli ya rangi unaigeuza mzaha. Watangazaji nao, wanaolipwa kusema saa nne kwa siku na hawasomi hata dakika kumi, wajue kipaza sauti si kibali cha kurithisha ujinga.

Ukitaka kumcheka Mfaransa, zipo sababu tele: faranga ya CFA, kiburi cha lugha, na tabia ya kujiona baba wa Afrika. Uoga vitani haumo kwenye orodha hiyo. Atakayekuletea tena mzaha huu, mpe tarehe moja tu, 22 Agosti 1914, na idadi moja tu, wafu 27,000. Kisha mwambie arudi kwenye mpira.